SOMO: Kupanga teknolojia kwenye gemu la koloni bila mchezaji kukwama

Wakuu, swali la jinsi ya kupanga teknolojia kwenye gemu la koloni (gemu la kujenga makazi na kuwatunza watu wake) naletewa inbox kila leo, kwa hiyo naliweka hapa lote. Mwenye swali asome kwanza mpaka mwisho.

1. Andika shida kabla hujaandika teknolojia. Njaa, baridi, magonjwa, uvamizi. Kila teknolojia ije kujibu shida ambayo mchezaji ameshaionja. Ukimpa jokofu kabla hajaona chakula kikimwozea ghalani atabonyeza tu apite, halimhusu.

2. Amua utafiti unalipiwa kwa nini. Kwa mfano kwenye gemu la RimWorld unalipa muda wa mtu, anakaa kwenye meza ya utafiti wakati shamba linamsubiri. Gemu la Frostpunk unalipa mbao na chuma juu ya muda. Gemu la Oxygen Not Included utafiti wa mwanzo unakula udongo, unaofuata unakula maji, na ni maji yale yale unayoyategemea kwa mimea na kutengenezea oksijeni. Mimi hii ya mwisho ndo naipenda, kila teknolojia inakuwa uamuzi wenye maumivu badala ya kusubiri tu mstari wa maendeleo ya utafiti ujae.

3. Bei panga kwa siku. Mtafiti 1 akitoa pointi za utafiti 8 kwa siku, teknolojia ya pointi 40 ni siku 5. Koloni likikua ukawa na watafiti 4 zile 40 zinaisha siku moja na robo, kwa hiyo ukitaka bado zichukue siku 5 weka 160.

4. Ikoni na maelezo acha mwisho.

5. Hakikisha hakuna kujifungia nje. Hapa someni taratibu maana ndipo gemu nyingi zinapofia. Watu wengi wanakagua mishale ya mti wa teknolojia tu (mchoro wa teknolojia ipi inafungua ipi), wanaona haijizungushi wanaridhika, kumbe mduara umejificha kwenye vifaa: tanuri linajengwa kwa matofali ya kuchoma, na matofali yanachomwa kwenye tanuri hilo hilo. Kwenye mti huo mduara huuoni kabisa. Kwa hiyo weka vyote kwenye orodha moja, teknolojia, majengo, zana na malighafi, kisha andika skripti (programu ndogo) fupi: anza na vile mchezaji anavyopewa mwanzoni, ongeza kila kitu ambacho mahitaji yake yote tayari yamo, rudia mpaka kisiongezeke kitu. Kilichobaki nje hakifikiki, rekebisha.

ONYO: hiyo ni nusu ya kazi. Koloni linapoteza vitu. Sururu ya chuma ya mwisho imeungua na ghala, madini ya chuma yanataka sururu ya chuma, na sururu ya mawe ulishaiondoa kwenye menyu kwa sababu "imepitwa na wakati". Mchezaji ana teknolojia zote na hawezi kuchimba hata jiwe moja. USIFUTE mapishi ya zamani (njia za kutengeneza vitu), yashushe chini ya menyu yabaki. Halafu rudisha skripti ile ile ghala likiwa tupu na teknolojia zote zikiwa wazi, uone kama bado anaweza kujenga upya.

MASWALI

mgeni_mpya: Mkuu teknolojia ngapi zinatosha?
Jibu: Hatua ya 1. Hesabu shida zako.

mgeni_mpya: Sawa ila kwa wastani ni ngapi?
Jibu: Hakuna wastani ndugu. Gemu la Banished la 2014 halina mti wa teknolojia kabisa na watu wamelicheza miaka.

jembe_na_nondo: Somo safi. Naomba kuuliza, vipi ujuzi ukikaa kwa watu badala ya kwenye mti, yaani fundi pekee anayejua kuyeyusha chuma akifa, ujuzi unapotea?
Jibu: Swali zuri sana hili mkuu. Inawezekana na inaleta hofu tamu, ila mpe mchezaji njia ya kujikinga kabla ya msiba: mwanafunzi anayefanya kazi karibu na fundi ajifunze polepole, au kitabu ambacho fundi anatumia siku kadhaa kukiandika. Na fundi akiwa mgonjwa toa taarifa mapema, mchezaji awahi kuamua nani arithi. Kwenye skripti ya hatua ya 5 mtu nae anakuwa kitu cha kupotea, mtoe ujaribu.

kodi_usiku: Mbona RimWorld ukianza na watu wa kabila teknolojia zinakuwa ghali, si uonevu?
Jibu: Sio uonevu. Teknolojia za viwandani zinawagharimu zaidi kwa sababu wapo mbali nazo, na unapoanza nao unapewa watu wengi zaidi.

jembe_na_nondo: Nyongeza kwa wadau, kila teknolojia ipeni jina la ndani (la kwenye kodi, mchezaji halioni) lisilobadilika, msitumie namba ya mstari. Nilipanga upya orodha, sevu (michezo iliyohifadhiwa) za wajaribu wangu zikafunguka na teknolojia zisizo zao.
Jibu: Kweli kabisa. Na ukiifuta teknolojia kwenye apdeti, jina lake la ndani usimpe nyingine, sevu ya zamani itaisoma kama imeshafunguliwa.