Namna ya Kutumia Inhela ya Steroidi Kutuliza Uvimbe wa Mapafu

Vumbi la godoro, katika chumba chenye unyevunyevu kama vilivyo vingi hapa Mombasa, linapomwingia mgonjwa wa pumu, seli zake za kinga hutoa saitokini, yaani molekuli za kupashana habari: intalukini 5 huziita eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu zinazochochea uvimbe, na intalukini 13 huzidisha makohozi, hata njia za hewa zikavimba na kubana. Steroidi hupunguza utoaji wa molekuli hizo, lakini polepole. Kwa hiyo inhela hii, yaani kifaa cha kuvutia dawa kwa pumzi, hutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata kifua kikiwa shwari, na hapo ndipo wengi wetu huiacha.

Itikise, toa pumzi, ibane kwa midomo, kisha anza kuvuta hewa taratibu ndipo ubonyeze, uendelee kuvuta mpaka kifua kijae na kuizuia pumzi kwa sekunde 10. Ukiona ukungu mweupe ukitoka pembeni mwa midomo, dawa imepotea. Sukutua kwa maji na uyateme, kwani mabaki ya dawa huweza kuotesha kuvu kinywani. Shambulio la ghafla lina inhela yake nyingine, ya kupanua njia za hewa upesi.