Kabla damu haijaganda mguuni: mambo ya kuzingatia mnapouguza

Kabla mgonjwa wenu hajaingia chumba cha upasuaji, ulizeni kama yumo katika hatari ya kuganda damu kwenye mishipa. Walio hatarini zaidi ni aliyevunjika nyonga, mwenye saratani, aliyelala kitandani kwa muda mrefu, aliyewahi kuganda damu, na mjamzito hadi wiki sita baada ya kujifungua, hasa akijifungua kwa upasuaji. Tajeni dawa zote anazotumia, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango. Anywe maji ya kutosha. Akisafiri kwa treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, ainuke atembee behewani na achezeshe vifundo vya miguu.

Daktari akiruhusu mgonjwa anyanyuke, anyanyuke. Misuli ya miguu ndiyo inayosukuma damu kurudi moyoni, na ikitulia, damu nayo hutuama.

Sisi hatukuambiwa hayo tulipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nasi hatukuuliza. Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji, tukamrudisha Ujiji siku ya nne, tukamtandikia na kumkataza hata kujichotea maji, kwa kuwa ndani ya arobaini mzazi hufanyiwa kila kitu. Siku ya tisa mguu wake wa kushoto ulivimba kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, ukawa wa moto, ilhali wa kulia ulikuwa vilevile. Tulisema ni baridi imemwingia. Mimi mwenyewe nilichemsha maji nikamkanda, kisha nikamchua kwa mafuta ya mawese asubuhi na jioni, nikijiona wifi mwema. Siku ya tatu ya kumchua, mguu ukiwa mikononi mwangu, alishika kifua, pumzi zikambana, jasho likamtiririka. Hospitalini tulielezwa kwamba bonge la damu lilikuwa limemeguka na kwenda kuziba mshipa wa mapafu, na kwamba kuchua mguu wa namna ile kunaweza kulimegua. Aliwekewa oksijeni, akachomwa sindano za heparini, kisha akameza wafarini kwa miezi sita. Yu hai, na mwanawe anakimbia, lakini mguu ule huvimba kila jioni. Hajawahi kunilaumu, nami sijathubutu kumuuliza.

Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, asiuchue mtu yeyote, awe bibi, mkunga au jirani mwenye mkono mwepesi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo akapimwe kwa ultrasaundi. Akibanwa pumzi ghafla, maumivu ya kifua anapovuta hewa, kikohozi chenye damu au kuzirai, msisubiri kukuche. Nauli ya usiku iwekwe kando mapema, na namba ya mwenye gari ijulikane, hasa kwenu mnaokaa vijiji vya ziwani ambako huenda mkategemea boti.

Dawa zenyewe watu huziita za kuyeyusha damu, nalo jina hilo linapotosha: heparini na wafarini huzuia bonge lisikue, na mwili ndio unaoliondoa polepole. Ndiyo maana matibabu huchukua angalau miezi mitatu, na kuacha dawa kwa sababu uvimbe umepungua ni kosa. Anayetumia wafarini hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ambacho kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Ulizeni kabla ya kuondoka kinapimwa wapi na kwa gharama gani. Matembele na kisamvu hakatazwi, ila ale kiasi kilekile wiki hata wiki, kwa kuwa mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa. Asinunue aspirini wala diklofenaki dukani. Hata dawa ya kawaida kama metronidazoli huzidisha nguvu ya wafarini, hivyo amwonyeshe muuzaji karatasi yake kwanza. Akishika mimba aseme mara moja, maana wafarini humdhuru mtoto tumboni.

Fizi zikitoka damu, choo kikiwa cheusi au akianguka na kugonga kichwa, arudi hospitali. Miti shamba isubiri. Soksi za kubana zisinunuliwe kwa kukisia, zipimwe. Karatasi za hospitali zikae pamoja, mahali pakavu, na walau watu wawili nyumbani wajue zilipo.