Jinsi ya kupima mate ujue kama bakteria wa mdomoni wanakuozesha meno

Wengi tumekua tukiambiwa sukari inatoboa meno, ila sukari yenyewe haitoboi kitu jamani, wanaotoboa ni bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando mweupe unaobaki kwenye ukucha ukikwangua jino asubuhi. Wao wanakula sukari wanatoa asidi, na pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka ndo asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi enameli, lile ganda gumu la nje la jino, inaanza kuyeyuka. Inashuka ndani ya dakika chache tu tangu uonje kitu kitamu, halafu mate yanahitaji nusu saa, wakati mwingine saa nzima, kuirudisha juu, ndo maana anayeinywa soda kidogo kidogo mchana kutwa anaumia kuliko anayeimaliza mara moja.

Sasa kupima. Mi napenda kipimo cha Snyder, ni cha zamani lakini majibu unayaona kwa macho yako. Asubuhi, kabla hujala wala kupiga mswaki, tafuna kipande cha nta ya parafini na mate yote uteme kwenye kichupa safi, usimeze. Kama umetoka kumaliza dozi ya antibayotiki, au jana ulisukutua na dawa ya kuua vijidudu, tafadhali ahirisha maana majibu yatakudanganya. Maabara wanachukua mate kidogo sana, mililita 0.2, wanachanganya na agari ya kijani (rojo la kukuzia bakteria) yenye sukari ya glukosi, wanaiacha kwenye joto la nyuzi 37 na kuichungulia kila baada ya saa 24. Asidi ikizidi kile kijani kinageuka njano. Njano ndani ya saa 24 ni hatari kubwa, saa 48 wastani, saa 72 kidogo, na isipogeuka kabisa basi hao bakteria ni wachache.

Ila kipimo hiki kinasema uko kwenye hatari kiasi gani, hakionyeshi jino lililokwisha kuharibika! Kwa hilo simama kwenye mwanga na kioo, kausha meno vizuri kwa kitambaa safi, angalia pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, hapo madini yameshaanza kutoka lakini tundu bado, na dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku pamoja na kupunguza kula vitamu kila saa vinaweza kulirudisha. Likishatoboka halijizibi, nenda kwa daktari wa meno hata kama haliumi.