Umeachiwa shamba? Usianze na jembe

Kama guka (babu) alikuachia kashamba huko Waithaka ama Mutuini, pale Dagoretti, Nairobi, na umechoka kununua sukuma kila jioni, sawa, lakini kabla ushike jembe angalia hati iko kwa jina la nani. Kama bado ni la marehemu, hiyo shamba haijakuwa yako, hata kama mlikaa na maanko mkaonyeshana mipaka. Anzeni na barua ya chifu, mfungue kesi ya urithi kortini, itangazwe kwa gazeti la serikali siku 30, alafu mkishapewa karatasi ya usimamizi kuithibitisha kawaida ni baada ya miezi 6. Kwa hivyo saa hii panda tu vitu za kuvuna haraka. Mi nilipanda avokado 12 mahali sevea (mpimaji wa ardhi) alikuja kupatia binamu yangu, na siku hizi yeye ndio huvuna, tena hunisalimia vizuri sana.

Udongo mwekundu wa Dagoretti ni mzuri ila mara nyingi una asidi, na ukizidi kuurushia mbolea ya DAP kila msimu unaiongeza tu hiyo asidi. Upeleke upimwe KALRO Kabete, maabara ya serikali ya utafiti wa kilimo, ni hapo Waiyaki Way. Tembea zigizaga, chagua mahali kama 15, usichukue karibu na boma ama pale mlikuwa mnachoma takataka. Toa majani, chimba mpaka sentimita 20, kata kipande chembamba ukutani mwa shimo na panga, tia kwa ndoo ya plastiki (ya mabati itaharibu kipimo cha zinki), changanya yote, anika kivulini, beba nusu kilo.

Maji ndio watu hukosea. Mvua ya milimita 1 kwa mita mraba 1 ya paa ni lita 1, kwa hivyo nyumba ya paa la mita mraba 60 ikinyeshewa milimita 20 ni lita 1,200, hata zingine zikimwagika unabaki na kama 1,000. Weka gata kabla ya Machi, mvua ndefu isikupite, tangi kubwa utanunua polepole. Na tafadhali maji ya sewa usiguse, hiyo mboga ni ya watoto wako.

Kwa ploti ya futi 50 kwa 100 mimi siwezi panda mahindi, ni kupoteza nafasi. Terere na kunde unaanza kuchuma kwa wiki chache, managu inafuata, sukuma acha sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche, samadi iwe imeoza kabisa. Ng'ombe wachana naye, atamaliza shamba na bado ununue nyasi ya nepia.

Kuku wa kienyeji anza na 10. Kideri (ugonjwa wa Newcastle) hufagia boma nzima, kwa hivyo chanja kila miezi 3. Chupa ya chanjo mara nyingi ni ya kuku 100, mchange na majirani, ibebwe kwa barafu, na mkishaichanganya itumike ndani ya masaa mawili.