Umeletewa wiski ya singo molti ya pwani ya Scotland? Weka kola pembeni kwanza

Mi mara ya kwanza kupata Old Pulteney, ambayo ni moja ya wiski hizo, niliinywa hovyo, nakiri. Shemeji katoka Uingereza kaniletea ya miaka 12, nikajaza barafu mpaka juu af nikamalizia na kola, nikasema mbona haina tofauti na ile ya buku kumi ya hapo kwa mangi. Kumbe nilikuwa nakunywa kola ya bei mbaya. Kwa hiyo haya ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ile.

Tuanzie dukani. Usinunue medali. Boksi za hizi wiski zimejaa stika za dhahabu, mtu akiona "bora duniani" anatoa hela bila kuuliza ilikuwa bora mwaka gani na ni chupa ipi. Old Pulteney ndo mfano mzuri, iliyotajwa na mhakiki Jim Murray kuwa wiski ya mwaka ya dunia kwenye mwongozo wake wa 2012 ilikuwa ya miaka 21, na hiyo iliondolewa sokoni 2018, safu ikawa ya 12, ya 15, ya 18 na nyingine inaitwa Huddart. Sasa muuzaji akishika ya 12 akakwambia "hii ndo ile iliyoshinda", anakuuzia sifa za kaka yake.

Soma lebo badala yake. Miaka iliyoandikwa ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo ndani, kwa hiyo 12 maana yake hamna hata tone lenye chini ya miaka 12 kwenye pipa. Kisheria Scotch, yaani wiski ya Scotland, lazima ikae Scotland kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3 na iwe na kilevi kuanzia asilimia 40, na singo molti ni ya kiwanda kimoja tu, kimea cha shayiri peke yake. Ya 12 ina 40, ya 15 na 18 zina 46. Af angalia stempu ya kodi, Bongo skani kwa app ya Hakiki Stempu, Kenya kwa app ya Soma Label, feki zipo nyingi jamani.

Sasa kuna kitu kinachanganya watu sana. Wengi wakisikia wiski ya pwani wanategemea moshi. Moshi hautoki baharini! Unatoka kwenye mboji, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza kwenye vinamasi, wanaukata kama matofali, wanaukausha, wanauchoma kukaushia kimea. Ndo maana Laphroaig na Ardbeg za kisiwa cha Islay zinanukia kama dispensari, dawa ya kidonda kabisa, kuna wanaoipenda na kuna wanaoitema. Old Pulteney inatoka Wick, juu kabisa kaskazini mashariki ya Scotland bara, na ya 12 haina huo moshi, ina vanila, asali na kachumvi kwa mbali. Ukitaka ya katikati tafuta Talisker ya kisiwa cha Skye, ila ina asilimia 45.8 na inamaliza na pilipili manga kooni.

Na hiyo chumvi? Aliyewahi kuona gongo inapikwa anajua, kinachopanda ni mvuke, chumvi inabaki chini. Kwa hiyo haiingii kwa njia hiyo. Wengine wanasema ni hewa ya bahari kwenye maghala ya mapipa, wabishi wanasema ni maneno ya matangazo tu, mi naihisi basi. Na ukiona mtambo wa Old Pulteney utacheka, mvuke unapita kwenye bomba lililojikunja ndani ya pipa kubwa la maji baridi, akili ile ile ya bibi wa gongo. Mtambo mmoja hauna shingo, juu uko bapa, hadithi yao inasema ulifika haukuenea kwenye jengo wakaukata kichwa, na umbo la chupa limeigwa hapo.

Haya, kunywa. Chukua glasi iliyobana juu, kama huna basi ya wine ndogo inatosha, zile pana za barafu zinapoteza harufu yote. Mimina toti moja tu, kama mililita 25. Subiri dakika kumi, we piga stori. Ukinusa usizamishe pua, acha mdomo wazi kidogo, la sivyo spiriti itakupiga usisikie kitu kingine. Meza kidogo sana, ya kwanza ni ya kuzoesha ulimi tu, usiihukumu, ya pili ndo utaisikia. Af weka maji ya kunywa ya kawaida matone matatu manne, tumia kijiko, onja tena, ongeza ukiona bado inachoma, hasa hizi za 46. Kwa joto la Dar mi naiweka chupa friji robo saa kabla, Waskoti wakinuna shauri yao, chumba chao hakina nyuzi 31. Barafu ikiwa lazima weka kipande kimoja, ukishaijua bila barafu.

Ya kutafunia: Wick ulikuwa mji wa wavuvi wa heringi, na heringi ni ukoo mmoja na dagaa wa Kigoma. Kaanga dagaa wakavu wakauke vizuri, usiweke ndimu nyingi. Utanikumbuka.

Ukimaliza simamisha chupa, usiilaze kama wine, spiriti inakula koki, yaani kizibo, nimeshawahi kuchuja vipande vya koki na kitambaa cha chai. Kabatini, mbali na jua. Haizeeki ndani ya chupa, kwa hiyo kuitunza miaka kumi haiifanyi ya 22, na ikishashuka chini ya nusu hewa inaanza kuila harufu, ita washkaji muimalize ndani ya miezi michache, na mwenye funguo za gari aanzie kwenye dagaa na aishie hapo hapo.