Mkanda wa pikseli kwa dikoda ya DMX: piga hesabu kwanza

Kama unafunga taa za ukumbi wa harusi au jukwaa la kanisa na tayari una konsoli ya DMX (lugha ya kuamuru taa za jukwaani kwa kebo), huna haja ya kuhangaika na kuandika kodi ndo mkanda wa pikseli (mkanda wa LED ambao kila kipande kinapewa rangi yake) ukimbize rangi, unachukua tu dikoda inayopokea DMX upande mmoja na kutoa data ya mkanda upande wa pili, basi. Wengi wanakwama kwenye hesabu na kwenye umeme, dikoda yenyewe haina shida.

Laini moja ya DMX512 ina chaneli 512, na pikseli moja ya RGB (nyekundu, kijani, bluu) inakula 3, kwa hiyo mwisho wako ni pikseli 170. Sasa chukua rola ya mkanda wa chipu ya WS2812B, ile ya volti 5, ya mita 5, taa 60 kwa mita, hiyo ni pikseli 300 yaani chaneli 900, ushapitiliza. Mimi kwa ukumbi napendelea WS2811 ya volti 12, chipu moja inabeba taa 3 kwa hiyo rola kama hiyo ni pikseli 100, chaneli 300, ukianzia adresi 1 (namba ya chaneli ya kwanza) kifaa kinachofuata kwenye laini unakipa 301. Na kama konsoli yako ni ile ndogo ya chaneli 192 wala usikate tamaa, dikoda nyingi zina seti ya kuunganisha pikseli, ukiunganisha tano tano unabaki na makundi 20, chaneli 60 tu, na mtu aliyekaa kwenye kiti hata hajui tofauti.

Umeme sasa. WS2812B ikiwaka nyeupe full inavuta karibu miliampea 60 kila pikseli, kwa zile 300 ni ampea 18 kwenye volti 5, ukilisha upande mmoja tu utaona mwisho wa mkanda nyeupe inageuka njano njano halafu nyekundu. Lisha pande zote mbili. Graundi ya pawa saplai, dikoda na mkanda lazima zikutane, hata kama umetumia saplai mbili, la sivyo taa zinachezacheza ovyo na utalaumu chipu bure.

Dikoda ikae jirani na mkanda, urefu wote upeleke kwenye kebo ya DMX, maana DMX inavumilia umbali mkubwa ila ile data ya mkanda ikitembea mbali inachoka. Fuata mshale uliochorwa kwenye mkanda, data inaingilia DI (mlango wa kuingia), ukiingizia DO (wa kutoka) haiwaki kitu. Kwenye dikoda ya mwisho weka rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3 za DMX.

Halafu kwenye dikoda chagua aina ya chipu, idadi ya pikseli, adresi ya mwanzo. Kabla hujapanga shoo yoyote pandisha chaneli ya 1 peke yake mpaka 255: pikseli ya kwanza ikitoa nyekundu uko sawa, ikitoa kijani mkanda wako ni GRB (kijani inatangulia nyekundu), badilisha mpangilio wa rangi hapohapo kwenye dikoda, usianze kugeuza waya.