Mgonjwa Anaporudi Nyumbani Kutoka Mirembe
Ndugu au jirani anapotoka Hospitali ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, mpokeeni kama mngempokea aliyelazwa kwa malaria: nendeni mkamjulie hali, mpeni pole, na maswali kuhusu afya yake mwulizeni yeye mwenyewe, badala ya kumwuliza mama yake ilhali mgonjwa ameketi pale pale akisikia. Mrudishieni pia majukumu yake. Kama ndiye aliyekuwa akitunza daftari la kikundi, na daktari hajamzuia, aendelee nalo, kwa maana kunyang'anywa kazi kimyakimya, naamini, huumiza kuliko maneno ya mtaani.

Lililo zito zaidi ni dawa. Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwapo, mara nyingi huhitaji kuzitumia kwa muda mrefu, hata anapojisikia vizuri, na akizikatisha bila ushauri wa daktari ugonjwa huweza kumrudia. Hata hivyo, wapo wanaoziacha kwa sababu tu wanaona aibu kumeza vidonge mbele za watu. Basi dawa zake zikae katika kabati lile lile zinamokaa dawa za presha za babu, na anayemkumbusha amkumbushe kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona.